Sista Tyuta na Darasa la Redio

Hakuwa mtawa. Naanza na hilo kwa sababu kila ninapomtaja, mtu huuliza alikuwa wa kanisa gani. Alikuwa muuguzi aliyepanda ngazi hadi akawa mwalimu wa wauguzi, na katika miaka ya tisini mtu wa cheo hicho huku kwetu aliitwa Sista Tyuta, maneno yote mawili. Ukimwita Sista peke yake aliitika, ila kwa uso wa mtu aliyemiminiwa chai nusu kikombe.

Alikuwa mtu wa hofu. Nimetafuta neno la heshima zaidi nimelikosa, na yeye mwenyewe hakulificha jambo hilo. Alifunga kabati la dawa, akavuta kufuli, akaenda hatua kumi, akarudi kulivuta tena. Alihesabu sindano kabla ya kipindi na baada ya kipindi, na zikitimia alizihesabu upya, kwa sababu hesabu inayokubali haraka, alisema, ina neno. Ukimwambia umemwangalia mgonjwa alikuuliza, "Umemwangalia ama umemwona tu?" Halafu alikwenda kumwangalia mwenyewe.

Radi aliiogopa kuliko vyote. Kericho mvua hunyesha alasiri karibu kila siku, na radi juu yake, kwa hiyo kuishi huku ukiogopa radi ni sawa na kuishi Lodwar ukiogopa jua. Ikianza kunguruma alivua ile saa ya wauguzi inayoning'inia kifuani kichwa chini, akaifungia kwenye droo, kisha akavuta kiti chake hadi katikati ya chumba, mbali na madirisha, na somo likaendelea. Tulimcheka. Lakini chini kwa chini nasi tulisogeza viti vyetu kumfuata.

Alikuja zamani kutoka upande wa ziwa pamoja na mumewe, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha chai. Mume alipofariki watu walingoja afungashe arudi kwao. Yeye akanunua kishamba karibu na Kapkatet akapanda chai. Kikipsigis chake kilikuwa kingi na kibovu, na alikitumia bila haya yoyote. Wazee wa wodini walimcheka mpaka wakasahau maumivu yao, na nadhani ndiyo sababu hakujisumbua kukinyoosha.

Chuo chetu kilikuwa kidogo, nyuma ya hospitali, chenye mapaa ya mabati. Tulisomea humo watu wa aina nne: wauguzi, maafisa wa kliniki, sisi wa maabara, na watu wa afya ya jamii ambao wengine waliwaita watu wa choo. Kila kundi lilikuwa na chumba chake, mwalimu wake na dharau yake. Afisa wa kliniki huku huitwa daktari tangu siku anayovaa koti jeupe, na wengine koti hilo huwapanda kichwani. Sisi wa maabara tulijiona wenye siri kwa sababu tulikuwa na hadubini. Wauguzi walituona wote wapumbavu.

Sista Tyuta ndiye aliyetukusanya. Kila Alhamisi saa nane mchana aliyaingiza makundi yote manne katika chumba kimoja, akawachanganya kwenye mabenchi ili asikae daktari na daktari. "Mgonjwa ana mwili mmoja," alikuwa akisema. "Ni nyinyi ndio mko wanne." Alitufanya tubadilishane kazi. Mimi wa maabara niliosha wagonjwa kitandani. Wauguzi walisoma slaidi za damu. Madaktari wake walibeba bakuli za choo za wodini, na hilo lilimletea maneno.

Siku moja baba wa kijana mmoja alikuja kutoka upande wa Mulot kumwona mwanawe, akamkuta ukumbini na bakuli mkononi. Akaenda moja kwa moja ofisini kwa Sista Tyuta. Mimi nilikuwa mlangoni nimeleta daftari.

"Mama, mimi nilileta kijana hapa awe taktari," mzee akasema kwa lafudhi ya kwetu. "Saa hii nimekuta yeye anapepa choo ya wagonjwa."

"Keti, mzee. Wewe uko na ng'ombe?"

"Niko nao."

"Nani anatoa mavi kwa boma asubuhi?"

"Ni mimi. Siwezi achia mtu."

"Kwa nini huwezi achia mtu?"

Mzee alifikiri. "Kwa sapapu ng'ombe akiwa mgonjwa, hapo ndiyo mimi najua kwanza."

"Basi wacha kijana ajue kwanza," Sista Tyuta akasema, akamwagizia chai.

Alikuwa na sheria moja ya Alhamisi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuivunja, hata mganga mkuu alipotutembelea. Mdogo kwanza. Sista Tyuta akileta habari ya mgonjwa, wa kwanza kusema alikuwa mdogo kabisa chumbani, halafu aliyemzidi, hivyo hivyo hadi daktari mwishoni. Mtu wa huku hulelewa kinyume cha hilo. Mkubwa akiwa anaongea unatazama chini, na ukiwa huna la kumuunga mkono unanyamaza, na kunyamaza kwako ni adabu. Sista Tyuta alilijua hilo kuliko sisi tulivyojijua. "Mkubwa akishasema," alituambia, "wadogo hawana tena maoni. Wanabaki na heshima. Na heshima haijawahi kushusha homa."

Lakini sheria ile isingefanya kazi bila macho yake. Mtu alipokuwa akizungumza, yeye hakumtazama. Alizunguka kati ya mabenchi akitazama wale walionyamaza. Ghafla alisimama mbele ya mtu. "Wewe, uso wako umekataa. Sema." Alinikamata hivyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Sikuwa na swali, nilidhani, mpaka aliponisimamia na lile swali likatoka lenyewe.

Hata hivyo, mwanamke huyo aliyetulazimisha kuuliza hakupenda kuulizwa. Ukimuuliza jambo asilolijua shingo ilikakamaa, akasema, "Hilo ni la kesho," na ole wako ukicheka. Kesho yake alikuja na jibu, macho mekundu kwa kusoma, akalitoa kama vile alikuwa nalo tangu jana. Tulimpenda na tulimsengenya kwa kipimo kilekile.

Halafu ukaja mwaka wa malaria.

Watu wa pwani au wa ziwa wanaweza kushangaa. Malaria kwao ni jirani. Huku kwenye baridi, mashamba ya chai yanapopanda hadi mawinguni, mtu anaweza kuzeeka bila kuugua sana malaria, na ndiyo maana ikija huua kama moto wa nyasi kavu, wakubwa kwa wadogo. Mwaka ule mvua haikukoma ilipopaswa kukoma, na baadaye likaja joto. Kufikia mwezi wa sita wagonjwa walilala wawili wawili kitandani na wengine chini ya vitanda. Serikali ikafunga madarasa yetu. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho tukatawanywa kwenye zahanati, mmoja hapa, mwingine kule, tukashike mahali wafanyakazi walipozidiwa. Barabara zilikuwa tope tupu. Mimi nilipelekwa zahanati moja kati ya Silibwet na Mulot, na kwenye orodha ya Sista Tyuta tuliitwa Kituo cha Saba.

Alikuwa na orodha kwa sababu hakukubali Alhamisi ife. Kila zahanati ilikuwa na redio ya kuitana, ile ya kubonyeza kitufe ndipo useme, iliyowekwa kwa ajili ya kuomba ambulensi. Sista Tyuta alikwenda kwa mkuu wa hospitali akaomba apewe redio kwa muda wa saa moja kila Alhamisi, kuanzia saa nane. Aliambiwa redio si darasa. Alisema naye wanafunzi wake si madaktari bado, na wanatibu watu. Akapewa.

Kipindi cha kwanza kilikuwa kichekesho. Alibonyeza kitufe akafundisha dakika kumi bila kukiachia, na wakati umebonyeza huwezi kusikia mtu. Akauliza swali, akangoja huku kidole kiko palepale, akauliza tena. Baadaye mwendesha redio alitueleza kwamba alianza kutokwa na jasho, akasema, "Wamekufa wote?" Mwendesha redio akamtoa kidole polepole, na sauti zetu zikaja kwa fujo, vituo tisa kwa pamoja.

Alijifunza haraka, hata lile neno "ova" la kumwachia mwenzako zamu ya kusema. Alitupanga, kituo baada ya kituo, na ndani ya kila kituo mdogo kwanza. Mwendesha redio alisema alibandika picha yetu ya chuo juu ya mashine, ile tuliyopigwa siku ya kukaribisha wageni, na kila alipoita kituo aliweka kidole juu ya uso wa aliyeko huko. Katika picha ile sote tulikuwa tunacheka.

Lile darasa lilisaidia, sitaki mtu adhani halikusaidia. Muuguzi wa Kituo cha Nne aliuliza atatundika wapi dripu kumi bila stendi, na mtu wa choo wa Kituo cha Pili akamjibu apige misumari kwenye boriti, na jioni ile vituo vyote vilikuwa vinapiga misumari. Hata wasio wanafunzi walisikiliza. Redio ya kiwanda kimoja cha chai ilikuwa karibu na masafa yetu, na Alhamisi moja karani wake aliingilia kati kwa adabu sana: "Samahani, Sista, na mtu akitapika hiyo dawa? Ova." Alimjibu kikamilifu, kisha akamwomba asirudie, kisha akamuuliza nani anayetapika.

Kusikilizwa huko ndiko kulikonifunga mdomo. Redio yetu ilikuwa dirishani, kwa ajili ya waya wa nje, na chini ya dirisha hilo ndipo lilipokuwa benchi la wanaongoja. Ulichosema na ulichoambiwa, wote walikisikia. Sista Tyuta hakujua kuhusu benchi hilo. Alikuwa hajawahi kufika kwetu.

Jumatano moja aliletwa mama mjamzito wa miezi minane, kwa mkokoteni wa ng'ombe, homa imempanda kichwani, hajitambui. Daktari wetu, yaani afisa wa kliniki wa zahanati, alimwekea kwinini ya dripu. Alikuwa mtu mzuri. Alikuwa hajalala kitandani kwake siku sita. Maji ya glukosi yalikuwa yameisha, akatumia ya chumvi. Usiku ule yule mama alifumbua macho, akamwita mumewe, akaomba maji. Alhamisi asubuhi alizama tena. Daktari akasema ni malaria inarudi kichwani, tuendelee na kwinini.

Nilichukua damu nikaitazama kwenye hadubini. Jana yake wadudu wa malaria walikuwa hawahesabiki. Sasa nilitafuta slaidi nzima nikapata wachache sana. Nilirudia kwa slaidi nyingine. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake, na mgonjwa alikuwa anazidi kuzama. Sikujua ni nini, lakini nilijua si kile alichosema daktari. Nilimwonyesha karatasi ya majibu. Aliitazama, akaikunja akaitia mfukoni, akasema, "Sawa," kwa sauti ya mtu aliyechoka, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Saa nane tukakaa kwenye redio. Daktari alikuwa kulia kwangu, bega kwa bega. Muuguzi alisimama nyuma. Chini ya dirisha, kwenye benchi, mume wa yule mama alikuwa amekaa na kofia yake magotini. Sista Tyuta alifundisha jinsi ya kuhesabu matone ya dripu, kwa kuwa Kituo cha Tano kilikuwa kimemwaga chupa nzima kwa saa moja. Akaanza kuita vituo. Nilikuwa na swali tayari kwenye ulimi: wadudu wamepungua na mgonjwa hafumbui macho, tufanyeje? Maneno machache tu.

"Kituo cha Saba. Mdogo kwanza. Ova."

Nilibonyeza kitufe. Nilifikiri juu ya ripoti yangu ya mwisho ambayo daktari ndiye angeiandika. Nilifikiri juu ya yule mume, kwamba angesikia mtoto wa juzi akisema mkewe anatibiwa vibaya. Lakini zaidi ya yote nilimwonea daktari haya. Nimejaribu miaka mingi kuipa haya ile jina kubwa zaidi, na haina.

"Hapa kwetu hakuna swali, Sista Tyuta. Ova."

"Hakuna kabisa? Ova."

"Hakuna kabisa. Ova."

Akangoja kidogo. Akaita Kituo cha Nane.

Alfajiri ya Ijumaa yule mama alijifungua bila kujua kwamba anajifungua. Mtoto alikuwa amekufa. Muuguzi alikuwa na wengine wenye degedege, kwa hiyo nilimpokea mimi, nikamsafisha, nikamfunga kwa shuka, na mama-mkwe akamchukua kabla jua halijatoka. Kwa desturi mtoto wa namna hiyo hazungumzwi. Saa mbili asubuhi redio iliita kwa ripoti za kila siku, na daktari akasoma yetu. Sista Tyuta alikuwa kwenye mashine. Alimkatiza.

"Huyo mama alikula nini mara ya mwisho? Ova."

"Hajala tangu Jumatano. Ova."

"Dripu ya kwinini iko na glukosi? Ova."

"Ni ya chumvi. Ova."

"Sukari imeisha mwilini. Kwinini inaimaliza, na mjamzito zaidi. Koroga sukari ya chai kwa maji, mpitishie mpira wa puani, sasa hivi. Usiniambie ova, nenda."

Tulienda. Nusu saa haikuisha, yule mama alikuwa anatutazama mmoja mmoja, akishika tumbo lake.

Wiki iliyofuata Sista Tyuta alifika kwetu juu ya trekta la maziwa, ameloa, sweta limejaa tope. Alisoma karatasi zote za mgonjwa isipokuwa ile ya slaidi yangu, ambayo haikuwamo. Alimhoji daktari, na daktari akalia mbele yake, akakubali kosa lake lote. Kisha akaniita mimi nje, kando ya tangi la maji.

"Alhamisi ile," akasema, "nilitaja habari ya sukari ama sikutaja? Nimejaribu kukumbuka nashindwa."

"Hukutaja, Sista Tyuta."

Ulikuwa ukweli mtupu. Hakutaja, kwa sababu alikuwa anafundisha matone, na kwa sababu mimi sikuuliza. Alitikisa kichwa mara kadhaa. "Nilidhani mnaijua. Nikawa na haraka na Kituo cha Tano." Nilitazama chini. Angenitazama usoni siku ile angesoma kila kitu, lakini naye alikuwa anatazama tope.

Aliandika barua kwamba mafundisho ya redio aliyoyaanzisha yalikuwa na upungufu, na kwamba upungufu ulikuwa wake. Darasa likafungwa. Alirudishwa wodini, akafanya kazi miaka miwili, akastaafu mapema. Daktari aliniandikia ripoti nzuri kabla hajahamishwa. Nilifaulu.

Miaka mitano baadaye chuo kiliniajiri kufundisha maabara, na mkuu mpya akaniambia amesikia zamani palikuwa na darasa la pamoja, nilifufue. Usiku wa siku ile sikupata usingizi. Jumamosi nilikwenda Kapkatet.

Nilimkuta katika kishamba chake, kikapu mgongoni, akichuma chai mwenyewe. Alikuwa amekonda. Alifurahi kuniona kiasi cha kunitia aibu, akanipikia, akaniuliza habari za kila mtu wa kwenye ile picha. Nikamweleza kazi mpya. Akaanza mambo yake.

"Ukianza, anza na sukari. Usianze na matone. Mimi nilianza na matone." Alikuwa anasugua kitambaa cha meza kwa kidole. "Nimelirudia lile somo mara nyingi. Jikoni, kanisani. Wakati mwingine nalisema kwa sauti, majirani wanafikiri nimeshikwa na wazimu."

"Sista Tyuta," nikasema, "sikuja kuuliza habari ya darasa."

Nikamwambia. Slaidi mbili, karatasi iliyokunjwa, swali lililokuwa kwenye ulimi, daktari begani, mume dirishani. Nikamwambia na habari ya kando ya tangi. Nilisema yote bila kupumzika kwa sababu nilijua nikipumzika nitaacha.

Aliinamia kitambaa cha meza. Nilitegemea kilio, au msamaha, na nakiri kwamba moyoni nilikuwa nimeshajiandalia huo msamaha. Aliponyanyua uso, alikuwa amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Miaka mitano," akasema. "Umeniacha miaka mitano."

"Nisamehe, Sista Tyuta."

"Na umekuja kuniambia mimi. Mimi nilipoteza darasa. Yule mama alipoteza nini? Yeye umeenda kumwambia?"

"Sijaenda."

"Anaishi wapi?"

"Palepale. Chini ya shule, ukitoka Silibwet."

"Alipofiwa walimwambia ni nini?"

"Waliambiwa ni mapenzi ya Mungu."

Akasimama, akavua aproni. "Mungu amesingiziwa vya kutosha. Twende."

"Leo?"

"Ulikuwa unangoja mwaka gani?"

Tulifika mchana. Yule mama alikuwa uani anapukuchua mahindi, na watoto wawili wadogo wakicheza na magunzi. Mumewe alikuwa ameenda mnadani. Alinitambua mara moja. "Chamgei," akatusalimu, akatuletea vigoda, akataka kwenda kuweka chai. Sista Tyuta akamwomba akae kwanza. Halafu yeye naye akakaa, akaweka mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuongeza neno.

Nikasema. Nilisema kwa Kikipsigis, kwa hiyo hapakuwa na maneno ya kitaalamu ya kujifichia. Nilimwambia kwamba damu yake ilikuwa imeanza kuwa safi na mimi niliona, kwamba alichokosa ni sukari, sukari hii ya chai, kwamba palikuwa na mtu kwenye redio ambaye angejua, na aliniuliza mara mbili kama nina swali, nami nikasema sina. Nilimwambia sijui kama mtoto angepona, lakini angepata nafasi, na nafasi hiyo niliizuia mimi.

Aliendelea kupukuchua. Alimaliza gunzi, akalitupa, akachukua jingine, akalishika tu. Nilingoja anifukuze. Nilikuwa tayari kwa hilo zaidi ya kitu kingine chochote.

"Mama-mkwe wangu alikataa kunijibu mpaka akafa," akasema. "Na mume wangu hakuangalia. Muuguzi wa zahanati alisema hakuwako." Akanitazama usoni. "Wewe ulikuwako?"

"Nilikuwako. Mimi ndiye niliyempokea."

"Alikuwa wa kike ama wa kiume?"

Nilisikia Sista Tyuta akivuta pumzi kando yangu. Miaka yote ile nilikuwa nimejihesabia mambo mengi niliyoyaficha, na hili sikuwahi kulihesabu.

"Wa kike," nikasema. "Alikuwa na nywele nyingi."